Wanaopanda Kilimanjaro Desemba 9 waambiwe kuwa ni vuli

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme jambo kabla msimu wa matangazo haujafika. Kila ifikapo Septemba na Oktoba, vikundi vya kila aina, vya maofisini, vyuoni na makanisani, huanza kutangaza safari za kupanda Mlima Kilimanjaro ili wanachama wao wawe kileleni Desemba 9. Jambo lenyewe ni zuri na lina asili yake. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuuwasha Mwenge pale juu, na kilele kikapewa jina la Uhuru. Kinachotukera ni kwamba matangazo mengi yanataja bei, fulana na mpiga picha, lakini hayasemi neno moja kuhusu mvua. Halafu mtu akifungua kurasa za utalii anakutana na ushauri uleule wa miaka yote, kwamba msimu mzuri ni Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba, kana kwamba mlima mzima una hali ya hewa moja. Wa kwanza wanaficha, wa pili wanarahisisha mno.

Mvua zetu huja mara mbili kwa sababu ukanda wa mawingu unaolifuata jua hupita juu yetu mara mbili. Ukielekea kaskazini unaleta masika, Machi hadi Mei. Ukirudi kusini unaleta vuli, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Hayo kila mkulima anayajua. Kisichosemwa sana ni kwamba mvua hizi mbili haziupigi mlima kwa upande mmoja.

Masika hushamiri upepo wa kusi unapoanza kushika. Unatoka baharini kusini mashariki ukiwa umebeba unyevu, unagonga miteremko ya Marangu, Kibosho na Machame, unalazimika kupanda, unapoa na kumwaga maji. Yanamwagika zaidi msituni, kwenye kimo cha mita 2,000 na kidogo, ambako mvua ya mwaka upande wa kusini huzidi milimita 2,000. Ukivuka mita 4,000 mvua inapungua mno, na kileleni ni kama jangwa, ila la baridi. Upande wa kaskazini, kwenye njia ya Rongai, uko kisogoni mwa upepo huo, kwa hiyo masika yanaufikia yakiwa yamechoka. Ndiko ulikotoka ule ushauri maarufu kwamba mvua zikianza, panda kwa Rongai.

Kwa masika, ushauri huo ni sahihi. Kwa vuli una kasoro, na hapa ndipo vikundi vya Desemba vinapopotoshwa. Vuli huja wakati upepo unageuka kuwa kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki. Mashamba ya Rombo, na ya Loitokitok upande wa Kenya, huitegemea mvua ya vuli kuliko mtu wa Machame anavyoitegemea. Kwa hiyo anayekwenda Rongai mwanzoni mwa Desemba akidhani ameikimbia mvua, atakutana nayo hukohuko. Faida ya Rongai mwezi huo ipo, lakini ni nyingine: msitu wa kaskazini ni mwembamba, unaumaliza siku ya kwanza, na kushuka unashukia Marangu, kwenye njia pana inayotunzwa. Anayepanda kwa Machame, Lemosho au Umbwe hushukia Mweka apende asipende, na Mweka wakati wa vuli ni ngazi za matope zinazomsubiri mtu ambaye magoti yamekwisha.

Wageni wa mlima huogopa kilele na kudharau msitu, na hesabu yao inaharibikia hapo. Kutoka geti la Machame, mita 1,800 hivi, hadi kambi ya kwanza iliyo karibu na mita 3,000, ni kilomita 11 hivi za kupanda chini ya miti inayodondosha maji hata mvua ikishakatika. Kundi la watu 30 likifika getini saa nne asubuhi, usajili na kupima mizigo kwenye mizani hulimaliza saa saba mchana, muda uleule ambao mawingu ya vuli yanafunga. Watafika kambini saa moja usiku wakiwa chapachapa. Unyevu wa msituni haukaushi hata leso, kwa hiyo kila kilicholowa siku ya kwanza kitavaliwa kikiwa kimelowa kesho yake hadi kambi ya Shira, na Shira usiku kinaganda. Baridi inayowarudisha watu kutoka kambi ya Barafu siku ya nne mara nyingi ilianzia kwenye koti bovu la siku ya kwanza.

Sasa miezi yenyewe. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari ni kiangazi kifupi. Ndicho kipindi chenye joto kuliko vyote mlimani, upepo si mkali, na kwa kuwa jua liko kusini mwa Ikweta, kambi za kusini kama Karanga na Barafu hupata jua la kutosha kukaushia vitu. Theluji iliyobaki ya vuli mara nyingi bado ipo juu, kwa hiyo picha zinapendeza. Machi ni kamari. Wanaopanda kwa ajili ya Siku ya Wanawake, Machi 8, mara nyingi hupona, lakini anayeanza kupanda Machi 15 asimlaumu mtu. Aprili hadi katikati ya Mei hatumshauri mtu anayepanda kwa mara ya kwanza, hasa Umbwe, ambako njia ni mizizi iliyosimama wima, na kwenye maji mizizi hiyo huteleza kama sabuni.

Mwisho wa Mei na Juni yote ni kipindi kinachopuuzwa. Mvua zinaondoka, theluji ya masika bado iko juu, kambi zina nafasi, na matope ya msituni yanaanza kushika. Julai na Agosti ni baridi kuliko miezi yote, na pia ndiyo miezi ya wageni kutoka Ulaya na Marekani, kwa hiyo kambi hujaa. Kuna kosa moja wanalofanya hata wenyeji: mtu anasimama Moshi mjini Julai, anaona wingu zito na manyunyu siku tatu mfululizo, mlima hauonekani kabisa, anadhani juu kunanyesha. Lile ni wingu la kusi lililokaa kama blanketi, na aghalabu mgongo wake hauvuki mita 3,000. Walio juu yake wanaota jua. Ila kambi ya Barranco, kwa kuwa imezama bondeni chini ya ukuta wa Barranco, miezi hiyo jua huifikia kwa kuchelewa, na watu huanza kupanda ule ukuta mawe yakiwa bado na barafu nyembamba. Hapo glavu za sufi zilizolowa hazifai kitu. Shika jiwe kwa glavu zenye mpira kiganjani.

Septemba hadi katikati ya Oktoba ni kukavu kuliko miezi yote. Shida yake ni vumbi, maji na moto. Kwenye njia za kusini, maji ya mwisho yako bonde la Karanga. Barafu hakuna maji, kwa hiyo kila lita inayochemshwa huko imebebwa mgongoni na mgumu, yaani mpagazi wa mlimani. Upande wa Marangu, baada ya vijito vilivyo juu ya kambi ya Horombo huna maji tena hadi kambi ya Kibo na kurudi. Vijito hivyo vinaponywea, anayekwenda kuchota hutembea zaidi, na mpishi hubana chai. Mtu anayetakiwa kunywa lita tatu hadi nne kwa siku akibaniwa maji, kichwa kinauma, na hapo haijulikani ni ugonjwa wa mwinuko au ni kiu tu. Kuhusu moto, mioto mikubwa iliyowahi kutangazwa miaka ya karibuni, ya 2020 na ya 2022, yote ilizuka Oktoba, nyasi na mimea ya nyika ikiwa imekauka na vuli haijashuka. Mwezi huo asiyeweza kukaa bila sigara abaki nayo Moshi.

Tukilazimishwa kutaja wiki, tungetaja ya pili na ya tatu ya Februari kwa njia za kusini, na Septemba kwa yeyote anayechukia matope kuliko anavyochukia vumbi.

Lakini Desemba 9 haihamishiki, na hatusemi watu wasiende. Tunasema wapange kama watu wanaokwenda kwenye mvua. La kwanza ni idadi ya siku, ihesabiwe kwa kurudi nyuma. Kwa Marangu, safari ya siku sita huanza Desemba 5: Mandara, kisha Horombo usiku mbili, Kibo tarehe 8, kilele alfajiri ya tarehe 9, kutoka getini tarehe 10. Ile siku ya pili ya Horombo, kwenye mita 3,720, ndiyo inayokatwa na vikundi vinavyotaka bei ndogo, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu mwili unazoea hewa na nguo zinapata nafasi ya kukauka. Machame ya siku saba huanza Desemba 4, mkilala Karanga kabla ya Barafu badala ya kuunganisha. Lemosho ya siku nane huanza Desemba 3. Rongai ya siku saba huanza Desemba 4, usiku mbili zikiwa kambi ya Mawenzi Tarn. Ukiona tangazo la Machame linaloanza Desemba 6, jua kuna mtu atakayesukumwa kupanda mita nyingi kwa usiku mmoja wakati amelowa na hajala vizuri. Juu ya mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya ulipolala jana, na ratiba isiporuhusu hilo, iongezwe siku ya kuzoea, kama ile ya pili ya Horombo.

Kwa kundi kubwa la Watanzania wengi wasio na vifaa kamili, sisi tungependekeza Marangu mwezi huo, ingawa kuna wanaoidharau kuwa ni njia ya watalii wavivu. Ina mabanda yenye paa na vitanda kila kituo. Mtu aliyelala pakavu usiku tatu anafika Kibo akiwa mtu mwingine kabisa na aliyelala kwenye hema lenye dimbwi. Angalizo ni kwamba Kibo kuna vitanda vichache kuliko Horombo, kwa hiyo usiku wa Desemba 8 ndipo msongamano unapobana. Nafasi zishikwe mapema na kwa maandishi, la sivyo baadhi ya watu watalala kwenye mahema mita 4,700 bila kujiandaa.

La pili ni saa. Mvua ya vuli mlimani kwa kawaida hupiga kuanzia adhuhuri. Asubuhi mara nyingi huwa nzuri. Kwa hiyo kundi lilale karibu na geti, Marangu au Machame na si Arusha, lifike getini linapofunguliwa, liwe limeshatuma majina yote na namba za vitambulisho siku moja kabla. Siku nyingine zote liondoke kambini saa moja asubuhi, liwe limefika kambi inayofuata kabla ya saa nane mchana. Kwenye uwanda wa Shira na ule mtambarare wa Saddle kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo hakuna mti wala banda, na radi za vuli hazichagui. Zikianza kunguruma karibu, fimbo za chuma ziwekwe kando, watu waachane hatua kadhaa, wasisimame juu ya vilima wala chini ya mwamba uliosimama peke yake.

La tatu ni mavazi, na hapa tuseme wazi: huhitaji kununua vitu vya dukani vya bei ya kutisha. Soko la mitumba la Memorial pale Moshi lina karibu kila kitu, ukijua kusoma lebo. Kinachokaa mwilini kiwe polista au sufi, kamwe kisiwe pamba. Fulana ya pamba na jinzi zikilowa hunyonya joto la mwili hadi zikauke, na mlimani hazikauki. Koti la mvua lijaribiwe kabla ya kulipa: ligeuze ndani uone kama mishono imefunikwa kwa utepe, kisha mimina kikombe cha maji begani na ulikande kwa kidole dakika mbili. Likipenyeza dukani, msituni litakuwa chujio. Suruali ya mvua ni lazima, kwa maana poncho pekee hupeperushwa na upepo na kuacha magoti yakilowa. Soksi ziwe jozi nne: tatu za kutembelea, na moja ya kulalia ambayo haitoki kwenye begi la kulalia kwa sababu yoyote. Buti zikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe baada ya saa mbili, na asubuhi zitakuwa zimenyonya maji mengi. Hiyo, Mhariri, ni kazi nyingine ya gazeti lako isiyotangazwa.

Begi la kulalia na nguo za kilele ziingie kwenye mfuko usiopenya maji kabla ya kuingia kwenye begi kubwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usipange kutegemea rambo. Nunua mfuko wa mpira unaokunjwa mdomo. Salfeti (viroba) za wagumu hazizuii maji. Zinalinda begi lisichanike, basi.

Na hao wagumu wenyewe ni sehemu ya hesabu ya msimu. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na unapimwa getini ukiwa mkavu. Hema la watu wawili likishalowa huongezeka kilo moja au mbili, hema la kulia zaidi ya hapo, kamba na magodoro nayo yanakunywa maji. Mgumu aliyepimwa kilo 20 Machame siku ya kwanza atabeba zaidi siku ya tatu bila mizani kusema lolote. Kwenye njia za mahema mgeni mmoja huhitaji wagumu watatu au wanne; Desemba kila kundi la wageni sita liongeze mmoja, na bei ipangwe hivyo tangu mwanzo. Mwandaaji pia aulizwe kama wagumu wana makoti ya mvua na hema lisilovuja. Mgumu akilala maji, kesho chakula kinachelewa, na mgeni anaanza kutembea saa tatu badala ya saa moja, akikutana na mvua ileile aliyotaka kuikwepa.

Aliyelowa akifika kambini asikae kupiga soga na chai mkononi. Abadilishe nguo zote kwanza, hata kabla ya kula. Anayetetemeka bado anajipigania. Anayeacha kutetemeka huku anaongea kwa kukokota ulimi na kujikwaa ndiye wa kuogopwa. Huyo aingizwe kwenye begi kavu, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na asiachwe peke yake. Dalili hizi hufanana na za ugonjwa mkali wa mwinuko, na mkiwa hamna uhakika, tibuni vyote viwili kwa kumpasha joto na kumshusha.

Baridi ya kileleni inaweza kukadiriwa ukiwa mjini. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi sita hivi. Moshi iko mita 900 hivi. Alfajiri ikiwa nyuzi 18, kilele cha mita 5,895 kitakuwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Hiyo ni bila upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 40 kwa saa, ngozi huisikia kama 21 chini ya sifuri. Desemba si mwezi wenye baridi kali kama Julai, lakini Desemba unafika na nguo zenye unyevu, ndiyo maana watu huganda zaidi.

Theluji mpya ikianguka usiku wa kilele, mambo mawili hubadilika. Changarawe za juu ya Kibo, ambazo kiangazi hukurudisha nusu hatua kwa kila hatua, hushikamana na kukanyagika vizuri. Lakini alama za njia hufunikwa, na kundi linapaswa kutembea likiwa limeshikana nyuma ya kiongozi mmoja, si kila mmoja na tochi yake. Jua likitoka, theluji huakisi mwanga hadi macho yanauma siku nzima. Miwani ya giza si ya kujipamba. Asiyefika ukingo wa kreta, yaani Gilman's Point kwa njia ya Marangu, au Stella Point kwa njia ya Barafu, ikifika saa mbili asubuhi, ageuzwe. Kutoka Gilman's hadi Uhuru bado kuna saa moja na nusu hadi mbili, na mawingu ya Desemba hayangoji. Gilman's na Stella navyo vina vyeti vyake, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuburutwa kwa ajili ya picha.

Kitu kingine kisichoangaliwa na wapangaji ni mbalamwezi. Usiku wa kilele watu huondoka kati ya saa tano na saa saba usiku. Mwezi mpevu hukaa angani usiku kucha na kuzama jua likichomoza. Kila siku inayosogea, mwezi huchelewa dakika 50 hivi. Usiku wa nne kabla ya mwezi mpevu, mwezi unazama karibu saa tisa usiku na kukuacha gizani sehemu ngumu kuliko zote. Usiku wa nne baada yake, unachomoza karibu saa nne usiku na unakuwa juu kabisa mnapopanda. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kipimo mkononi: chagua usiku wa 14 hadi wa 19, si wa 10. Kwa mwaka 2026, Desemba 9 inaangukia mwezi mwandamo, yaani giza totoro. Betri za tochi ziwe mpya, za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, kwa sababu baridi huzinyonya.

Kuhusu utabiri, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, ikitaja nyanda za juu kaskazini mashariki peke yake. Usomwe wakati wa kupanga bei, usingojwe wiki ya safari. Maji ya bahari upande wa pwani yetu yakiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito na huchelewa kukatika. Ndivyo ilivyokuwa 2019, na tena 2023, mwaka ambao Desemba 3 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu Katesh. Mwaka wa namna hiyo tungesema wazi: chukua Marangu ya siku sita au ahirisha. Mwaka wa vuli hafifu, kama 2022, Machame ya siku saba inapandika Desemba bila shida kubwa.

Wanaouliza kuhusu milima mingine: Meru, mita 4,566, hufuata majira haya haya. Mlima Kenya ni mzuri Januari, Februari, na Julai hadi Septemba. Rwenzori, kwa ndugu zetu wa Uganda na Kongo, nafuu yake ni Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, ila hata wakati huo buti za mpira haziachwi nyumbani.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa wenzako wanaopokea matangazo haya, ni dogo. Tangazo la safari ya Desemba lisipotaja njia, idadi ya siku, idadi ya wagumu kwa kila mgeni na orodha ya mavazi, msomaji aone kwamba vimeachwa. Na liseme pia ni nini kinatokea utabiri ukiwa mbaya: kama fedha inarudi, au kama tarehe inasogezwa hadi katikati ya Januari, na nani anagharimia nafasi zilizokwisha kulipiwa hifadhini. Msomaji aulize hayo kabla ya kutuma fedha kwa simu.

Waongoza watalii wa mlimani,
Moshi, Kilimanjaro